Kabla Hujasema ni Chira

Mama mwenzangu, kama una mtoto nyumbani anayekunywa maji kuliko ng'ombe, ambaye ameanza tena kukojoa kitandani baada ya miaka ya kuacha, ambaye anakula vizuri na bado sketi inamwanguka, basi acha kusoma hapa. Mpeleke apimwe sukari. Hii karatasi itakungoja.

Mimi hakuna aliyeniambia hivyo, ndiyo maana ninaandika.

Nimeolewa hapa Seme, kilomita kama nane kutoka Kombewa. Kwa sababu nilitoka Sondu, hakuna anayeniita Jacinta isipokuwa kanisani, na kwenye mafunzo ya kilimo mimi ni Mama Debra. Kwa wengine wote mimi ni nyar Sondu, binti wa Sondu. Mume wangu Odongo ni mlinzi kwenye nyumba ya wakubwa huko Milimani, Kisumu, na huja mwisho wa mwezi. Boma letu lina nyumba tatu. Ya mama mkwe wangu, Mama Rachael, iko juu inaangalia lango. Ya Beldina, mke wa shemeji yangu mkubwa Owiti, iko kulia. Yangu iko kushoto, karibu na barabara. Mtoto wangu Debra alikuwa na miaka minane mwaka jana mambo haya yalipotokea. Alikuwa mtoto wa mashavu. Walimu walimwita Mandazi.

Kwetu hapa mvua kubwa ya Machi ikianguka, mtu hachukui jembe tu akaenda kupanda. Kwanza mbegu inatolewa. Mwenye boma ndiye anaanza, na kama mzee ameshakufa, kama wetu, ni mke wake. Mama Rachael akishapanda mistari yake, kesho yake Beldina anapanda, ndipo mimi. Ukimruka mkubwa wako umevunja mwiko, na mwiko ukivunjwa unaleta chira. Chira haimshiki aliyekosa. Inamshika mtoto. Anakonda, anakonda, mpaka anaisha. Nilisikia hayo nikiwa msichana Sondu na sikuwahi kuyacheka. Hata leo siyacheki.

Sasa nikuambie juu ya ofisi, kwa sababu bila ofisi hiyo singekuwa na mtoto wa kuandika habari zake.

Ofisi yetu ya kilimo ni vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga pale sokoni. Unga unaingia mpaka kwenye ramani ya wadi iliyoko ukutani. Afisa ni mmoja, Bwana Khaemba, mtu wa Bungoma, na wadi nzima inamtegemea. Watu wanamletea majani yaliyotoboka wamefunga kwa gazeti, viwavi ndani ya chupa, mahindi yenye dumuzi ndani ya mkebe wa siagi. Kuna mzee mmoja alileta shina zima la muhogo kwa boda, akalipa nauli ya watu wawili, kwa sababu afisa alikuwa amemwambia hawezi kusema ugonjwa bila kuuona. Jumatano Bwana Khaemba anakaa ofisini. Siku nyingine yuko mashambani mwa watu, na pikipiki ya ofisi ikikosa mafuta anatembea. Tulikuwa tukimwona amebeba buti zake za mpira mkononi ili zisiishe, tunamcheka. Anacheka na sisi. Lakini anafika.

Ugonjwa wa mashamba yetu ni kayongo, lile gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya mahindi kutoka kwenye mizizi. Unang'oa leo, kesho limerudi na ndugu zake. Miaka miwili nilikuwa navuna mahindi kama vidole. Bwana Khaemba akatufundisha kwamba kuna mmea wa kutambaa unaitwa desmodiamu. Ukipandwa katikati ya mistari ya mahindi, kayongo inakosa nguvu. Akasema kaunti imeleta mbegu ya shamba moja la mfano katika kila wadi, watu waone kwa macho yao. Sisi wanawake wa kikundi, ishirini na kitu, tukakaa tukachagua. Likachaguliwa shamba langu, kwa sababu liko barabarani na kwa sababu sikuwahi kukosa mafunzo hata siku moja. Nilitembea nyumbani kama mtu aliyepewa cheo.

Sharti lilikuwa moja tu. Mvua ikianza, tupande ndani ya siku tatu, kwa sababu desmodiamu mbegu yake ni ndogo kama ya wimbi na inataka unyevu wa mwanzo.

Mvua ikaanza wakati Mama Rachael hayuko. Alikuwa Kisumu kwa binti yake, ametolewa mtoto wa jicho na daktari amemwambia asiiname wala asiguse udongo kwa wiki mbili. Boma likakaa kimya na majembe yake. Bwana Khaemba akapiga simu kwamba kesho anakuja na mbegu na kamba ya kupimia. Nikampigia Odongo nikamweleza. Akakohoa. Akaniambia nifanye vile naona ni sawa. Mwanamume akikwambia hivyo, jua amejitoa.

Usiku huo nikajitafutia sababu. Nikajiambia mwiko ni wa mbegu ya boma, ile inayotoka kwenye ghala letu, iliyokauka juu ya jiko letu. Hii ni mbegu ya serikali, imekuja kwa pikipiki ya serikali, itapandwa na afisa wa serikali. Mbegu ya serikali haimjui mama mkwe wangu. Niliona nimefikiri vizuri sana. Simu ilikuwa mkononi na namba ya Mama Rachael ilikuwa ndani ya simu. Ningempigia nimwombe ruhusa, angenipa, na huenda angetuma mtu atupe punje mbili kwa jina lake. Sikupiga kwa sababu niliogopa atakataa. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na sikulisema mahali popote kwa miezi miwili.

Tukapanda. Wanawake wa kikundi walikuja, Bwana Khaemba akashika upande mmoja wa kamba na mimi upande mwingine. Kufika saa sita tulikuwa tumemaliza. Beldina alikuwa ameenda soko la Kombewa. Aliporudi alisimama kwenye ua na kikapu bado kiko kichwani, akaangalia ile mistari imenyooka kama ya daftari.

“Nyar Sondu,” akasema, “umempandia nani?”

Nikamwambia ni mbegu ya kaunti.

“Na tumbo litakaloila, ni la kaunti?”

Akaenda zake nyumbani. Hakurudia tena, na Beldina si mtu wa maneno ya chinichini. Lakini yale aliyosema yalibaki na mimi.

Mama Rachael alirudi baada ya siku kumi na mbili. Jicho lilikuwa limepona hata akaona mahindi yangu kutoka langoni, yamefika kwenye kifundo cha mguu. Alisimama kidogo. Akasalimia watoto, akaingia ndani, kesho yake akapanda yake, na Beldina akafuata. Kwangu hakusema kitu. Ningependa angenigombeza.

Mahindi yakakua jinsi sijawahi kuona hapa. Watu wa wadi walikuja siku mbili kuyaangalia. Bwana Khaemba alifungua mistari kwa mikono awaonyeshe kayongo imetoka mbilimbili tu, imedhoofika. Mimi nilisimama pembeni nimevaa kitambaa changu kizuri, na Debra alikuwa ananivuta nguo anataka maji.

Hapo ndipo ilianzia, na sikuona. Mei ilikuwa na joto, watoto wote wanakunywa maji. Kisha nikaona jagi la asubuhi linaisha kabla ya uji. Kisha mwalimu akatuma ujumbe kwamba Debra anaomba ruhusa kutoka nje kila mara, nimwambie aache mchezo. Kisha akakojoa kitandani. Nilimchapa, Mungu anisamehe. Alikuwa anakula kuliko mimi, na mifupa ya mabega ikaanza kutokeza. Mashavu yakaenda. Watoto wenzake wakaacha kumwita Mandazi, wakamwita Kijiti.

Nilimwona hana nguvu, nikamnunulia glukosi. Siku za soko nikamnunulia soda. Mama mwenzangu, shika hapo. Nilikuwa nampa mtoto wangu sukari kwa mikono yangu miwili, tena kwa kujinyima, nikifikiri namwokoa.

Beldina ndiye alilisema neno lenyewe. Alikuja akiwa amebeba bakuli la nyoyo, mahindi na maharagwe aliyochemsha, akaliweka chini, akamwangalia Debra akinywa. Akasema kwa sauti ya huruma kwamba sote tunajua hii ni nini, na kwamba yeye hakuja kunisuta, alikuja tuende kwa Mama pamoja. Tukaenda. Nilipiga magoti. Mama Rachael alinisikiliza mpaka mwisho, akasema alikuwa akingoja nije mwenyewe. Akanitafutia manyasi, dawa ya majani ya kusafisha mwiko. Inanywewa siku saba, na katika siku hizo mtoto asitoke bomani. Nilimshukuru. Usifikiri nililazimishwa. Niliipokea ile dawa kama mtu aliyepewa maji jangwani, kwa sababu kosa nililijua na sasa lilikuwa na mwisho wake, siku ya saba.

Siku ya tatu Debra alitapika. Nikaambiwa uchafu unatoka. Siku ya nne alilala mchana kutwa na akiamka anataka maji tu. Nikaona labda dawa haiwezi kufanya kazi wakati lile kosa lenyewe bado limesimama shambani, kijani, linafika kifuani. Ilikuwa Jumatano. Nikamwacha Debra kwa Beldina, nikaenda ofisini kuomba ruhusa ya kung'oa mahindi.

Kulikuwa na watu wawili mbele yangu. Mmoja alikuwa na kuku amekufa ndani ya karatasi, anaelezwa kwamba hiyo ni kazi ya mtu wa mifugo na huyo mtu anakuja Ijumaa, naye anauliza kama kuku atangoja mpaka Ijumaa. Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimekaa na mikono imebanwa magotini.

Zamu yangu ilipofika nikasema nataka kung'oa shamba la mfano. Bwana Khaemba aliweka kalamu chini.

“Mama Debra, hayo mahindi ndiyo mazuri kuliko yote wadi hii.”

“Ndiyo maana,” nikasema. “Yatamla mtoto wangu.”

Akafunga mlango. Nikamweleza yote, mbegu, mama mkwe, chira, manyasi. Nilitarajia acheke au anihubirie. Hakufanya hivyo. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa nini siku ile ya kamba sikumwambia kwamba mkubwa wangu hajapanda. Nikamwambia yeye ni mgeni na ni serikali, nilifikiri ataipeleka mbegu kwa mwingine. Akasema ningemwambia, angempigia mkubwa wake Kisumu na kumwomba siku kumi, na angepewa au angenyimwa, lakini angeuliza. Kisha akaniomba nisiguse mahindi mpaka kesho asubuhi aje amsalimie Mama Rachael.

Alikuja mapema, akaingia langoni kwa miguu, buti mkononi. Pikipiki aliiacha barabarani kwa sababu ya matope ya lango letu. Mama Rachael alimpokea kwa mzaha wake, akamwambia kwamba kama Mluhya amefuata kuku amekosea boma, hapa atapata chai kavu. Akajibu kwamba amekaa kwa Wajaluo miaka miwili, ameshazoea mifupa ya omena, dagaa wao. Mama akacheka mpaka akashika jicho lake. Nilifikiri labda mambo yatakuwa rahisi.

Aliomba kwanza aone mwisho wa shamba, nyuma ya jiko langu, kama kayongo imevuka. Nikamfuata. Hakufika shambani. Alisimama kando ya ukuta wa jiko, akachuchumaa. Kulikuwa na sisimizi, weusi, wengi, wamejaa mahali pamoja kwenye udongo kana kwamba mtu amemwaga soda. Mbele kidogo kulikuwa na kundi lingine. Mimi nilikuwa nimewaona siku nyingi nikawafagia. Yeye kazi yake ni kuangalia chini.

“Hapa kulimwagika nini?”

Niliona haya. Nikamwambia hakuna kilichomwagika, Debra siku hizi hawezi kufika chooni, anajisaidia hapo haja ndogo.

Hakuinuka. Akaniuliza anakunywa maji kiasi gani. Anakojoa mara ngapi. Alianza lini kukonda. Kila nilichojibu alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia habari aliyoijua. Akasema twende amwone.

Debra alikuwa kwa Beldina, kwenye mkeka. Alikuwa anapumua kwa nguvu, kama aliyepanda mlima, na hajapanda kitu. Pumzi yake ilikuwa na harufu ya ndizi iliyoiva sana. Mimi nilikuwa nimedhani ni harufu ya dawa. Bwana Khaemba akaniita nje.

“Mama Debra, mimi ni mtu wa mahindi, si daktari. Lakini mama yangu mzazi ana ugonjwa wa sukari. Kabla tujue, sisimizi walikuwa wanajaa pale anapokojoa namna hii. Twende hospitali ya Kombewa sasa hivi.”

Nikasema amebakisha siku mbili za manyasi. Ndiyo, nilisema hivyo. Mtoto anapumua namna ile na mimi nahesabu siku. Kwa sababu niliamini akitoka lango kabla ya siku saba, dawa inageuka, na nitakuwa nimemuua mara ya pili. Beldina akasema ni kweli, mtoto hatoki. Mama Rachael alikuwa amekuja na fimbo yake, akasimama mlangoni, na sote tukamwangalia, kwa sababu neno lilikuwa lake.

Bwana Khaemba akavua kofia.

“Mama,” akamwambia, “siku ile kamba ilikuwa mkononi mwangu. Mimi ndiye niliyeleta mbegu na mimi ndiye niliyepanda kabla yako, bila kukuuliza. Huyu mama alinifuata tu. Kama kuna kosa, liko kwangu, na nitakuja uniambie namna ya kulilipa. Lakini mtoto hana siku mbili. Sijui kama ana saa mbili.”

Mama Rachael aliingia, akainama juu ya mkeka, akaweka uso wake karibu na wa Debra na lile jicho lake jipya, akamwangalia kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Alipoinuka alikuwa anatafuta leso.

“Mpelekeni,” akasema. “Hayo mengine ni ya kwangu na huyu mtu wa Bungoma.”

Sikungoja aseme mara mbili. Tulikuwa watatu kwenye pikipiki ya ofisi, ambayo si ya kubeba abiria. Bwana Khaemba alikuwa mbele, Debra katikati, mimi nyuma nimewazungushia wote mikono. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinaanguka huku na huku. Nilimwimbia nyimbo za shule ya Jumapili ili nisikie kama anaitikia. Mwanzoni aliitikia. Tulipofika lami hakuitikia tena, nikaacha kuimba, nikaweka mkono kifuani pake nihesabu pumzi.

Pale hospitali nesi alimtoboa kidole. Kile kimashine hakikuonyesha namba. Kiliandika tu kwamba sukari imepita kiwango chake. Nesi akaita wengine na wakakimbia, na mimi sijawahi kuona watu wa hospitali wakikimbia kwa sababu ya mtoto wangu. Wakamwekea maji kwenye mshipa, wakamwekea dawa. Daktari kijana akaniuliza mtoto amekula nini, amekunywa nini. Nikamwambia soda. Nikamwambia glukosi. Nikamwambia manyasi, siku tano, na nikangoja anifokee. Akaandika, akasema ni vizuri nimesema ukweli. Baadaye nilimwuliza ingekuwaje kama tungemaliza zile siku saba. Akaniambia singekuwa namwuliza hilo swali.

Beldina alifika na boda, ana beseni, blanketi, na nguo zangu za kubadilisha, kwa sababu nilikuja na kanga ya kupikia. Usiku wa kwanza nililala mimi sakafuni pale wodini, usiku wa pili akalala yeye. Siku ya tatu asubuhi Debra alifungua macho akauliza kwa nini Mama Mkubwa analala chini ya kitanda kama paka. Beldina alitoka nje. Nilimsikia akilia kwenye korido, halafu akirudi amenawa uso, anamwambia paka ni yeye mwenyewe.

Wakatupeleka hospitali kubwa ya Kisumu kwa wiki moja, tukafundishwa. Ni ugonjwa wa sukari wa watoto. Mwili umeacha kutengeneza insulini, na insulini ndiyo inayoingiza chakula kwenye mwili. Bila hiyo mtoto anakula na bado anakufa kwa njaa. Hakuna soda iliyouleta, hakuna kuchapwa kulikouleta, na nilimwuliza daktari mara tatu kama mtu anaweza kuupata kwa sababu ya jambo alilofanya mama yake. Mara tatu akasema hapana. Odongo alikuwa amekaa kando yangu na sare yake ya kazi, na mara ya tatu akanishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hajawahi kufanya.

Atadungwa sindano maisha yake yote. Asubuhi na jioni ninamdunga, na Beldina anajua kumdunga, na Mama Rachael anajua kuweka dawa kwenye chungu chenye mchanga uliolowa, kwa kuwa hatuna friji. Kuna siku sukari inapanda na siku inashuka. Ikishuka anatetemeka, na hapo ndipo sukari inahitajika haraka. Sitaki kukudanganya kwamba ni kazi ndogo. Lakini mashavu yamerudi nusu.

Kuhusu chira, mimi na Mama Rachael tulizungumza mara moja tu. Alisema chira iko, ameiona kwa macho yake ya zamani na sitamwambia haiko. Lakini hii haikuwa chira, na kosa lake ni kwamba aliipa jina kabla ya kuipima. Mimi nikamwambia kosa langu ni kwamba sikupiga simu. Hatujarudia.

Bwana Khaemba alikuja kulipa kama alivyoahidi. Mama alimngoja amekaa kwenye kiti. Hakutaka mbuzi wala pesa. Alimwambia kwa mzaha wake kwamba daktari bado amemkataza kuinama, na mvua ya Septemba inakuja, kwa hiyo serikali ilete kamba yake shambani kwake, lakini punje ya kwanza ataitupa yeye. Wakafanya hivyo. Alitupa punje zake tatu akiwa amesimama wima kama askari, na yule afisa akafuata nyuma yake anafukia kwa mguu. Sasa katika wadi yetu, kabla shamba la mfano halijachaguliwa, afisa anauliza kwanza ni nani wa kuanza katika boma hilo na kama yuko nyumbani. Nasikia aliandika hilo kwenye ripoti yake, akaulizwa Kisumu linahusiana vipi na kayongo. Mahindi yangu hayakung'olewa. Tulivuna magunia saba pale ambapo tulikuwa tunapata mawili.

Mwezi uliopita kulikuwa na mafunzo ya viwavi jeshi pale sokoni, watu kama sitini. Mwishoni Bwana Khaemba akasema Mama Debra ana jambo la kuwaambia wazazi. Sikuwa nimezoea kusimama. Nikasema kama nilivyoandika hapa, kiu, mkojo, kukonda, kukojoa kitandani, pumzi ya ndizi. Nikawaambia habari ya wale sisimizi. Wanaume wengine wakacheka, ofisi ya kilimo sasa inapima mikojo. Wacha wacheke.

Watu walipokuwa wanatoka, mama mmoja kijana anaitwa Lorine alinishika mkono. Alisema mtoto wake wa miaka mitano anakunywa maji sana na amekonda. Uso wake ulikuwa ule uso wangu wa Mei. Sikumwuliza zaidi. Tulichukua boda, tukapitia kwake, tukamchukua mtoto, tukaenda Kombewa. Nesi alikuwa yule yule. Akamtoboa kidole, nikafunga macho.

Ilikuwa tano nukta mbili. Mtoto hana kitu. Akapewa dawa ya minyoo, na nesi akasema watoto wanakunywa maji kwa sababu kuna joto. Lorine aliona aibu mpaka akashindwa kuniangalia. Aliniomba msamaha kwa kunipotezea siku nzima bure.

Nilimwambia siku ikipotea hivyo, mimi nina furaha. Nikamwambia akimwona tena anakunywa namna hiyo mwezi ujao, anipigie, na mwezi mwingine pia. Mtoto alikuwa amelala begani kwake, mzito. Tuliketi kwenye benchi nje ya lango, tukangoja boda ya kurudi.